Ngoma Yetu na Vioo vya Kanisa la Wenyeji

Haya, vijana, sogeeni. Nyinyi mnaoelewa Kiswahili chote halafu mnanijibu kwa Kiingereza, leo mtanisikiliza kwa Kiswahili na mtavumilia. Nimeamua kuandika habari za kazi yangu kwa sababu mmoja wenu, ambaye simtaji ila anajijua, aliwaambia wenzake kwamba mimi zamani nilikuwa "nafuta madirisha." Nafuta madirisha! Mgongo wote huu uliopinda, vidole hivi vilivyochanjwachanjwa kama embe la achari, leo naambiwa nilikuwa nafuta madirisha. Mngekuwa karibu ningewafinya.

Nilikuwa fundi wa vioo vya rangi vya makanisa. Vile vya zamani, vyenye malaika na kondoo na maua, vipande vidogo vidogo vilivyoshikanishwa kwa mikanda ya madini ya risasi. Kazi yetu ilikuwa kuviponya bila kuvigeuza. Dirisha likirudi kanisani linang'aa kama limenunuliwa jana, ujue fundi ameliharibu. Likirudi, na bibi wa kiti cha mbele akauliza, "Mbona hamjafanya kitu?" basi fundi huyo mpeni chakula, kazi anaijua.

Mtaniuliza niliingiaje. Nyinyi leo mkitafuta kazi mnaandika kurasa tatu za sifa, nusu yake uongo. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya kucha. Nilikuwa nimetoka Muheza, Tanga, nikaishia Lanham, huku Marekani, nikihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kucha zake za miguu zilikuwa ngumu na zinapasuka ukizigusa vibaya. Wenzangu walimkwepa. Mimi nilikuwa nailoweka miguu yake kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, nampigia hadithi asizozielewa, halafu nakata kidogo kidogo kutoka pembeni. Siku moja mwanawe akaja kumwona mama yake, akasimama mlangoni akiniangalia mpaka nikamaliza ukucha wa mwisho. Hakusema asante. Akauliza, "Unataka kazi nyingine?"

Huyo ndiye Walter, mwalimu wangu. Karakana yake ilikuwa Hyattsville, nyuma ya duka la matairi, baridi wakati wa baridi na joto wakati wa joto. Alikuwa mzee mkimya, ameirithi kazi kwa baba yake, na alikuwa na tabia ya kuongea na vioo kuliko na watu. Mwezi mzima wa kwanza alinipa vioo vya madirisha vilivyovunjika, vya bure, nijifunze kukata. Nilikuwa navikandamiza kwa nguvu zote, vinapasuka kila upande isipokuwa ule ninaoutaka. Akaja, akanishika kiwiko, akasema, "Kioo hukiamrishi. Unakikwaruza mara moja, halafu unakiomba." Nikacheka peke yangu. Kumbe kioo ni Mtanzania, kinataka kuombwa! Wakenya wa kanisani kwetu, ambao wakiingia jikoni husema "lete chai" kama wanadai kodi, wasingedumu karakana ile hata wiki.

Sasa kuhusu kufuta madirisha, kwa kuwa ndiyo habari mnayoitaka. Dirisha la zamani halifutwi kwa dawa ya chupa. Nywele, mikunjo ya nguo na macho ya malaika vimechorwa kwa rangi nyeusi iliyochomwa tanuruni, na mara nyingine haikuchomwa sawasawa. Ukisugua kwa bidii zile mlizofundishwa na mama zenu, malaika anabaki hana pua. Kwa hiyo unaanza na maji safi na pamba kwenye kijiti, unabingirisha, husugui. Na pale uchafu ukikataa, Walter alikuwa na dawa yake. Siku ya kwanza nilipomwona sikuamini. Alilamba pamba. Akaitia mdomoni kabisa, akaitoa, akamfuta nayo mtume mmoja mwenye ndevu, shavu la kushoto.

"Mate?" nikamwuliza.

"Yana joto, yana nguvu, hayachubui," akasema. "Ila uwe hujanywa kahawa."

Basi bwana, nikatumia miaka yangu ya utu uzima kuwatemea mate watakatifu. Mama yangu Muheza nilimwandikia kwamba nafanya kazi ya kanisa, nikaishia hapo.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la maandazi. Niliyaleta ya moto kutoka nyumbani, nikayaweka kwenye meza ya kazi, pembeni ya mikanda ya risasi, nikimkaribisha mwalimu kwa adabu zote. Walter akayabeba sahani nzima akayamwaga kwenye pipa. Nilikasirika jamani! Kumwaga chakula cha mtu! Ndipo akanipeleka kwenye bomba, akaninawisha mikono kama mtoto, akaniambia risasi ni sumu inayoingia polepole, na kwamba baba yake alikufa akitetemeka kwa kulia mkate mezani pale. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia na hata karanga. Nyinyi mnaokula mkiwa mmeshika kila kitu, nendeni mkanawe kwanza, mimi nawasubiri.

Lakini kitu kimoja Walter hakunifundisha, nilikuja nacho. Dirisha likishafungwa mikanda yake mipya, linakandikwa: chaki ya unga, mafuta ya kitani na masizi kidogo, unasukuma chini ya ukingo wa risasi kwa brashi ngumu, ili kipande kisicheze na mvua isipite. Ule mchanganyiko ukiwa mwepesi unavuja, ukiwa mzito hauingii. Walter alikuwa anapima kwa vikombe na bado unamharibikia. Mimi nilitazama, nikamimina, nikasonga. Ugali ni ugali tu.

Sasa niwaambie kisa kilichonifanya nishike kalamu. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na sisi waumini wa Kiswahili tulikuwa hatuna pa kusalia. Tulianza kwenye sebule za watu huko Hyattsville, majirani wa chini wakigonga dari kwa fagio. Tukahamia ukumbi wa mazoezi wa shule, tukisali huku mpira wa kikapu unadunda upande wa pili wa pazia. Halafu kanisa moja dogo la zamani, katika kaunti yetu ya Prince George's, likatukubali. Wenyeji, wazee wa Kimarekani weusi kwa weupe, walisali asubuhi. Sisi tulipewa saa nane mchana. Wakenya ndio wengi, sisi Watanzania kiganja kimoja, na Wakongo waliokuja na mpiga ngoma wao, Papa Ilunga.

Kiongozi wa kwaya alikuwa Mama Nyaboke, Mkisii, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya kilima. Alikuwa akihudumia wagonjwa huko Woodbridge, zamu ya usiku, mara nyingine zamu mbili. Jumapili anatoka kazini, anasinzia kidogo, anapanda gari mpaka kwetu akiwa amejifunga leso juu ya koti la baridi. Siku moja nilimwambia apumzike, hata wiki moja, Mungu ataelewa. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama Rehema," akasema, "wiki nzima mimi ni mikono tu. Nyanyua, geuza, osha. Hakuna mtu ananiita jina. Jumapili saa nane ndio mimi huwa mtu. Sasa unaniambia nilale?"

Sikurudia.

Kanisa lile lilikuwa na madirisha mazuri. La upande wa kusini lilikuwa na malaika aliyeshika tari, amelinyanyua juu ya kichwa kama yuko harusini. Basi, katikati ya wiki moja, kipande cha kijani cha vazi la malaika huyo kikaanguka kutoka juu mpaka kwenye kiti. Hakikumpata mtu. Lakini kamati ya jengo ikakaa, na mwenyekiti wake, mzee Harold, mstaafu wa posta aliyeujua kila msumari wa kanisa lile, akasimama mbele yetu baada ya ibada na kofia mkononi.

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Alisema kinanda chao kikubwa cha mabomba kipo pale tangu baba yake akiwa kijana, na kioo hakijaanguka. Sisi tumekuja na ngoma yetu na kurukaruka kwetu, kioo kimeanguka. Ameita fundi aje kupima. Ikiwa ni ngoma, itabidi mwisho wa mwezi tutafute pengine.

"Ati ngoma!" Mama Nyaboke akafoka huko nje, kwenye maegesho ya magari. "Hawa watu wanatuonea bure! Hata malaika mwenyewe ana tari, mbona yeye hafukuzwi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilimwona anahangaika na mlango wa gari, ufunguo hauingii.

Na fundi aliyeitwa ni nani? Walter. Jumatatu asubuhi nikamwambia yote, kwamba kanisa lile la saa nane ndilo langu, na hao wanaosingiziwa ndio ndugu zangu. Nilidhani ataniacha karakana siku hiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Utashika tochi, na mdomo utaufunga." Kati ya yote aliyowahi kuniagiza, hilo la pili lilinishinda mapema.

Kabla ya kupima, Walter alikuwa na desturi ambayo mafundi wa siku hizi, na kamera zao za simu, wameisahau. Alikuwa anakwenda kwanza kukaa. Siku ya ibada, bila kujitambulisha, anakaa anasikiliza jengo. Jumapili moja alifanya hivyo kwetu, na mimi mwenyewe sikujua. Iliyofuata ndiyo ikawa ya kupima: wenyeji wakabaki baada ya ibada yao, sisi tukaja mapema, wote ndani, huku na huku, kama pande mbili za mahari. Walter akapanda ngazi, akaweka ncha za vidole kwenye kioo cha malaika, akafumba macho. Mimi chini na tochi.

"Imbeni," akasema.

Sasa hapa ndipo mtakapowajua wazazi wenu. Kumbe Mama Nyaboke alikuwa ameshawapanga watu wake pale mlangoni. "Leo tunakanyaga kama tuko wodini na wagonjwa wamelala," aliwaambia. Na kwaya ile ilikuwa na nani? Wauguzi na wahudumu wa zamu za usiku, kutembea bila sauti walifundishwa kwa mshahara! Wakaimba wimbo wa furaha kama wanambembeleza mtoto mwenye homa. Wakacheza, viatu havisikiki. Papa Ilunga, mwanaume mwenye mikono kama mapanga, akaipapasa ngoma kwa ncha za vidole huku akimtazama Harold na kutabasamu. Nilijing'ata ulimi nisicheke.

Walter akafumbua macho. "Hawa ni akina nani?"

"Ndiyo kwaya," Harold akajibu, naye amepigwa na butwaa.

"Hapana. Jumapili iliyopita nilikaa ndani ya gari langu hapo nje. Vioo vya gari nimepandisha, redio inaongea. Nilijua mko ubeti wa ngapi."

Kicheko kikatoka upande wa wenyeji. Upande wetu tukainamisha vichwa. Mama Nyaboke akanigeukia, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Tukiimba vile tunaimba, si tutafukuzwa? Nifanye aje?"

Nami niliambiwa nifunge mdomo. Lakini nilikuwa nimekaa na mzee yule vya kutosha kujua kwamba kioo hakidanganyiki, na kipimo cha uongo kingetuangukia sisi wenyewe Jumapili nyingine, na safari hii huenda juu ya kichwa cha mtoto. "Imbeni, Mama Nyaboke," nikasema kwa sauti. "Mficha uchi hazai."

Akavuta pumzi. Akafungua leso, akaifunga upya, akakaza. Halafu akaanzisha.

Jamani, waliimba. Papa Ilunga aliipiga ngoma ile kama anaidai. Sakafu ilipokea miguu, bibi mmoja wa upande wa wenyeji akaanza kutikisa bega bila kujua. Na kule juu, kioo kikaanza kulia. Mlio mwembamba, kama nzi kwenye gilasi. Wote tuliusikia. Vumbi jeupe likadondoka kwenye mwanga wa tochi yangu.

"Mnaona," Harold akasema. Hakusema kwa furaha.

Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Papa Ilunga akaikumbatia ngoma, akasema taratibu, "Bon. Imeisha." Mama Nyaboke alisimama palepale mbele, mikono imening'inia. Nilijilaumu kwa methali yangu.

Walter hakuteremka. Vidole vyake bado viko kwenye kioo. "Sasa kinanda," akasema. "Sauti ya chini kabisa."

Mpiga kinanda wao, Bibi Edith, mama mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, akajishika kifua. "Kinanda changu? Kinanda hiki hakijawahi kumdhuru mtu!" Lakini akakaa, akavuta vishikizo vyake vya sauti, akakanyaga kanyagio la chini kabisa.

Weee! Sauti ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa matumbo. Kioo cha malaika hakikulia tena kama nzi, kilitetema kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Tari likacheza mkononi mwa malaika. Vumbi likamwagika, na kipande kidogo cha ukandiko kikadondoka kikanigonga kwenye paji la uso. Bibi Edith akanyanyua mguu upesi kana kwamba amekanyaga paka. Na unajua alisema nini? Kwamba mlio ule ameusikia miaka mingi, akidhani ni bomba moja la kinanda limelegea, na fundi wa kinanda amemgombeza kila mwaka kwa ajili hiyo.

"Nyani haoni kundule," akasema Mama Nyaboke, wala si kwa kunong'ona.

"Anasemaje?" Walter akaniuliza.

"Anakisifu kinanda," nikamjibu.

Sasa upande wetu ulikuwa tayari kupiga vigelegele, lakini Walter akateremka akitikisa kichwa. Akatuambia, pande zote mbili, kwamba si ngoma na si kinanda. Dirisha lenye afya halilii. Hili linalia kwa sababu limelegea: nyaya za shaba zinazolifunga kwenye nondo zake zimekatika, ukandiko umekauka ukawa unga, na risasi imechoka, imefanya kitambi. Akatuonyesha, na kweli malaika alikuwa na tumbo, kaegemea nje kama mzee aliyeshiba pilau. Muziki unalionyesha tu jinsi linavyoumwa. Swali, akasema, ni nani aliyeliletea ugonjwa.

Akatutoa nje wote. Upande ule wa kusini, kila dirisha lilikuwa limefunikwa kwa bamba la plastiki ngumu, limepigwa skrubu pande zote na kuzibwa kwa gundi, hakuna hata tundu la sisimizi. Zamani lilikuwa jeupe, sasa la manjano. Walter akalegeza kona moja. Ikatoka hewa ya moto yenye unyevu, kama umefunua chungu cha kisamvu, na upande wa ndani wa bamba ulikuwa na matone. Akasema joto lile ndilo linalolegeza risasi kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka.

"Nani aliweka haya?" akauliza.

Harold akasema, "Mimi."

Akasimulia akitazama ukuta. Vijana fulani walikuwa wakirusha mawe, na yeye na mkewe wakaogopa madirisha yatavunjwa. Majira yote ya kiangazi, kila jioni baada ya kazi, yeye juu na skrubu, mkewe chini kashika ngazi. Mkewe alishafariki. Yale mabamba ndiyo kazi ya mwisho kubwa waliyoifanya pamoja.

Hakuna aliyecheka, hata Papa Ilunga. Walter akamshika mzee mwenzake bega. "Kila mtu aliweka," akamwambia. "Baba yangu aliyauza. Mimi nimeyapiga mengine kwa mikono yangu. Tulidhani tunalinda." Vijana wangu, hayo mnayoyaona leo kuwa ndiyo ustadi wa kisasa, wekeni nafasi ya kuja kuyafungua.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo tukakumbatiana. Walter aliagiza kwamba hadi madirisha yatolewe, hakuna ngoma wala kinanda. Wenyeji wakaimba bila kinanda, na nasikia Mungu alivumilia. Sisi tukaimba tumekaa. Na Harold hakusema neno kuhusu mwisho wa mwezi. Aliaibika, na mtu akiaibika hujui ataangukia wapi. Anaweza kukuomba radhi, anaweza kukuchukia kwa sababu ulimwona. Mama Nyaboke alikuwa na hakika ni la pili. "Mtu mkubwa hawezi kutaka kumwona kila Jumapili yule alimshuhudia," alisema. Alikonda. Akaanza kuwaulizia watu habari za ule ukumbi wa mazoezi.

Siku yangu na Walter ya kuanza kazi ilikuwa Jumamosi, mwezi unakwisha. Tunafika, namkuta Mama Nyaboke anatoka kwenye mlango wa pembeni, ametoka zamuni moja kwa moja, bado amevaa sare ya kazini, amekumbatia mfuko mkubwa wa majoho ya kwaya. Ngoma imeshaingia kwenye buti la gari.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nabeba vitu zetu mapema. Sitaki kuambiwa mbele ya watoto." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kabla sijajibu, Harold akaja na bisibisi yake mwenyewe na ngazi ya mbao. Walter akamwambia aache, ni kazi ya mafundi, na umri wake ule. Harold akasema skrubu hizo alizipiga yeye, na atazifungua yeye. Akaiegemeza ngazi, akaanza kupanda, ngazi inayumba. Mimi na Walter tulikuwa na mikono miwili kila mmoja kwenye sanduku la vioo vya kuziba nafasi kwa muda, hatukuweza kuliachia. Harold akafika katikati, akasita. Akatazama chini, pale chini ya ngazi, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mama Nyaboke akaweka mfuko wa majoho chini. Akaenda, akaikamata ngazi kwa mikono yote miwili, mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza, kama anavyowashika wazee wake huko Woodbridge wakijifunza kusimama. Harold akapanda. Akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akizitia mfukoni.

Halafu Harold akasema kutoka juu, "Usiniachie."

Mama Nyaboke akamjibu kwa Kiingereza chake cha Kisii, nami nawatafsiria neno kwa neno. "Sasa mzee, ukinifukuza, Jumapili ijayo nani atakushikia ngazi?"

Bisibisi ikasimama. Nikaona mabega ya mzee yanatikisika, nikadhani analia, na labda alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, mpaka ngazi nayo ikatikisika na Mama Nyaboke akaikumbatia kwa kifua.

"Saa nane," Harold akasema alipoweza kusema. "Kama kawaida. Na hizo nguo zirudi ndani, zitaloa umande."

Mama Nyaboke hakuiachia ngazi. Alinigeuzia uso tu, umelowa, akaniamrisha kama wanavyoamrisha Wakenya wote: "Mama Rehema, umesikia. Rudisha ndani."